Gia ngapi zinakutosha? Ufafanuzi kuhusu baiskeli ya kwendea kazini Dar es Salaam

Mtu anayeingia Kariakoo kutafuta baiskeli ya kwendea kazini hukutana na swali moja kabla hata hajaulizwa amejipanga na shilingi ngapi: "Unataka ya gia ngapi?" Swali linaonekana jepesi, na muuzaji huwa na jibu lake tayari, kwamba ya gia 21 ni bora kuliko ya gia 7, na ya gia 7 ni bora kuliko isiyo na gia kabisa, na bei nazo hupanda kwa mpangilio huohuo. Mnunuzi huondoka na ya gia 21, huiendesha kwa miezi kadhaa kutoka Tabata hadi Posta akiwa kwenye gia ileile aliyoikuta siku ya kwanza, na siku cheni inapokatika anatangaza mtaani kwamba baiskeli za gia ni urembo tu. Jirani yake anayesambaza mikate kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na gia humcheka. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wamekosea mahali fulani.

Mkanganyiko huu unazidi kusikika kadiri foleni za asubuhi na gharama za nauli zinavyowafanya wafanyakazi na wanafunzi wengi waifikirie baiskeli kama chombo cha kila siku, na si cha mazoezi ya Jumapili peke yake. Anayeanza hupewa ushauri wa kila aina: nunua yenye gia nyingi, nunua yenye tairi nene, usishike breki ya mbele, endesha ukiyatazama magari yanayokuja. Baadhi ya ushauri huo haudhuru isipokuwa mfuko, lakini mwingine unaweza kumuua mtu, na ni vyema kutenganisha huu na ule.

Tuanze na gia yenyewe.

Baiskeli yoyote inayotumia cheni ina angalau spoketi mbili, yaani maduara mawili ya chuma yenye meno: moja mbele, iliyoshikamana na pedali, na nyingine kwenye habu, yaani kitovu, ya tairi la nyuma, ambayo mafundi wengi huiita friwili kwa sababu huliacha tairi lizunguke lenyewe mwendeshaji anapoacha kukanyaga. Gia si kitu kingine ila uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma. Chukua baiskeli ya mizigo ya inchi 28 yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, tairi la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa kuwa mzingo wa tairi hilo ni mita 2.2 hivi, baiskeli husogea mita 5.4. Mwendeshaji akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa mtu asiye na haraka, atakuwa anakwenda kilomita 19 kwa saa. Hayo yote yameamuliwa na meno, hata kabla ya kuzungumzia bei, chapa au rangi ya baiskeli.

Sasa badili meno. Baiskeli ya mlimani ya inchi 26 ikiwekwa kwenye spoketi ya mbele yenye meno 24 na ya nyuma yenye meno 28, mzunguko mmoja wa pedali huisogeza chini ya mita 1.8 tu, na kwa ukanyagaji uleule wa mizunguko 60 mwendo wake utakuwa kilomita 6 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka. Hiyo ndiyo inayoitwa gia nyepesi, kwa sababu mguu hausukumi sana. Ukiiweka kwenye meno 42 mbele na 14 nyuma, mzunguko mmoja husogeza zaidi ya mita 6, na hiyo ni gia nzito. Anayehamisha maji kutoka kisimani hadi kwenye pipa anaweza kutumia ndoo kubwa kwa safari chache au kopo kwa safari nyingi, lakini maji yatakayoingia kwenye pipa ni yaleyale. Gia haikuongezei nguvu ambayo huna. Inakuchagulia tu ukubwa wa chombo cha kubebea kazi uliyonayo, na mwenye mgongo mbovu akilazimishwa ndoo kubwa kila siku, tunajua atakapoishia.

Hapa ndipo imani ya kwanza inapoanguka, ile isemayo kwamba gia nzito ndiyo "ya kasi". Gia nzito huleta kasi pale tu ambapo mguu una uwezo wa kuizungusha bila kuhangaika. Kwenye mteremko au upepo ukiwa mgongoni, sawa. Kwenye tambarare yenye foleni, ambako unasimama na kuondoka kila baada ya mita 200, gia nzito hukuchelewesha, kwa sababu kila kuondoka kunakuwa kazi ya kusimama juu ya pedali na kuyumba, na goti ndilo linalolipa. Ukanyagaji wenye afya kwa watu wengi uko kati ya mizunguko 60 na 90 kwa dakika. Ukiona unakanyaga polepole huku paja likiungua, uko kwenye gia nzito mno kwa wakati huo, na ukiona miguu inazunguka kama cherehani bila kusukuma kitu, uko kwenye nyepesi mno.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni kwamba mbele na nyuma hufanya kazi kinyume. Mbele, spoketi ndogo ndiyo nyepesi na kubwa ndiyo nzito, lakini nyuma kubwa ndiyo nyepesi na ndogo ndiyo nzito. Bahati nzuri namba zilizoandikwa kwenye usukani hazina ukinyume huo, kwani kwa mikono yote miwili 1 ni nyepesi na namba kubwa ni nzito. Asiyetaka kukariri kitu kingine chochote akumbuke hilo, pamoja na kanuni kwamba gia hubadilishwa huku ukikanyaga taratibu, kabla ya kilima na si katikati yake. Ile sauti ya "kra-kra" ambayo wengi huidhania ni ubovu mara nyingi ni cheni inayolazimishwa kuhama ikiwa imekazwa na uzito wa mtu mzima.

Turudi kwenye gia 21. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha spoketi tatu za mbele kwa saba za nyuma, na kwa hesabu hiyo muuzaji hadanganyi. Lakini tuseme mbele kuna meno 42, 34 na 24, na nyuma kuna 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Meno 42 kwa 28 yanatoa uwiano wa 1.5. Meno 24 kwa 16 nayo yanatoa 1.5, gia ileile kabisa kwa njia nyingine. Meno 34 kwa 18 na meno 42 kwa 22 hutofautiana kwa kiasi ambacho mguu hauwezi kukihisi. Ukiondoa zinazojirudia na zinazokaribiana sana, unabaki na gia kumi na tatu hivi. Kisha kuna zile zisizofaa kutumiwa, yaani kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja, au ndogo na ndogo, kwa sababu cheni hukaa kimshazari, husuguana na kuliwa upesi. Kwa hiyo baiskeli yenye spoketi moja mbele na saba au nane nyuma inaweza kukupa karibu kila unachokihitaji mjini, kwa waya mmoja badala ya miwili na kwa vitu vichache vya kuharibika. Binafsi, kama ningeombwa ushauri na mtu wa Sinza anayefanya kazi mjini, ningemwambia achukue hiyo na fedha iliyobaki akanunulie taa na breki nzuri.

Si kwamba gia ni anasa. Hata waandaaji wa mashindano ya Tour de France walizikataa kwa miaka mingi gia za kuhamisha cheni, wakiona zinaondoa ushujaa, na waliziruhusu mwaka 1937 tu. Suala ni zipi unazihitaji, na hilo linategemea ardhi unayopita.

Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni tambarare ya pwani. Kutoka Mikocheni hadi Posta, au kutoka Temeke hadi Gerezani, hakuna kilima cha kumtisha mtu, na ndiyo maana wauza samaki wa Feri, wasambaza mikate na wabeba mboga wamefanya kazi miaka yote kwa baiskeli isiyo na gia. Mambo hubadilika ukielekea magharibi. Barabara ya Morogoro baada ya Ubungo inapanda kwenda Kimara na Mbezi, kilima kirefu kuliko kilivyo kikali, na mkazi wa huko anayetaka kurudi nyumbani jioni bila kushuka na kusukuma anahitaji gia nyepesi ya kweli. Upande wa Pugu na Kisarawe vilima vinapita mita 200 kutoka usawa wa bahari, na huko anayebeba mzigo atazihitaji gia ambazo wa Mikocheni hatazigusa kamwe.

Lakini kilima kikubwa zaidi cha Dar es Salaam hakionekani kwenye ramani, nacho ni upepo. Msimu wa kusi, katikati ya mwaka, anayetoka Masaki kuelekea mjini akivuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na kupita juu ya maji bila ukuta wala mti wa kumkinga, huukabili upepo kwa kifua. Kaskazi inapoingia, kuanzia mwishoni mwa mwaka, mambo yanageuka na anayeumia ni yule anayerudi. Ukinzani wa hewa haukui sambamba na kasi. Kasi ya hewa inayokupiga ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu huhisi baiskeli "imekufa ghafla" darajani wakati barabara ni tambarare. Dawa yake ni kushusha gia mbili na kuinama kidogo, kuendelea kukanyaga kwa mdundo uleule na kukubali kwamba utafika dakika chache baadaye. Wanaoshindana na upepo kwa gia nzito ndio wanaofika ofisini wakiwa wameloa kana kwamba wamenyeshewa, kisha wakasema baiskeli haifai kwa hali ya hewa ya Dar.

Ipo aina moja ya gia ambayo haipewi heshima yake, ile iliyofichwa ndani ya habu ya nyuma. Wengi wameiona bila kuijua kwenye baiskeli za mitumba za Kijapani zenye kikapu mbele, ambako gia tatu hubadilishwa kwa kuzungusha mshiko wa mkono wa kulia. Kwa nje inaonekana spoketi moja tu. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilikuwa ikiuza habu za aina hii tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo si uvumbuzi wa juzi. Katika habu zake za kawaida gia ya kati ni ya moja kwa moja, ya chini ni nyepesi kwa robo na ya juu ni nzito kwa theluthi. Faida yake kwetu ni mbili. Mchanga, matope na hewa ya chumvi haviingii kwa urahisi ndani, na tofauti na gia za kuhamisha cheni, hii hubadilishwa hata ukiwa umesimama kwenye taa za Magomeni ukisubiri kuruhusiwa. Hasara yake ni kwamba ikiharibika ndani, si kila fundi wa chini ya mwembe atakayekubali kuifungua, na anayekubali bila kuijua ni afadhali angekataa. Kabla ya kununua baiskeli ya gia za ndani, muulize fundi wako wa kila siku, si muuzaji.

Chumvi hiyo ya hewani inatupeleka kwenye cheni. Kwa wanaoishi Msasani, Kunduchi au Kigamboni, kutu huanza kwenye cheni kabla ya mahali pengine popote, na desturi ya mtaani ni kuipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Oili hiyo ni nzito, inang'aa na haina gharama, ila imebeba vumbi la chuma na masizi, kisha inanasa mchanga na kugeuka msasa unaozilamba pingili kila unapokanyaga. Ni bora kuisafisha cheni kwa mafuta ya taa kidogo na kitambaa, kuikausha, kuweka tone moja la oili safi nyepesi kwenye kila kiungo, na kufuta yote inayobaki nje. Cheni inayong'aa kwa oili kwa nje haijalindwa zaidi, imejiandaa tu kukusanya vumbi.

Namna ya kujua kama cheni imechoka ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na chombo chake ni rula ya shule ya sentimita 30. Kila pini ya cheni ya baiskeli iko umbali wa nusu inchi kutoka pini inayofuata. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu nafasi ishirini, kisha usome. Cheni mpya itasoma sentimita 25.4 juu ya pini ya ishirini. Ikifika 25.6, ibadilishe. Ukiiacha iendelee kurefuka itayala na meno ya spoketi mpaka yawe yamechongoka kama ya papa, na hapo utakachokinunua si cheni peke yake. Kile kisa cha mnunuzi wa Tabata na cheni iliyokatika huwa kinaanzia hapa, siyo kwenye wingi wa gia.

Imani nyingine maarufu inahusu tairi. Baiskeli nyingi za dukani huja na tairi za mlimani zenye kashata kubwa, yaani vinundu vya mpira, na wanunuzi huzipenda kwa kuamini kwamba tairi laini litateleza kwenye lami yenye maji. Kwa gari hoja hiyo ina msingi, kwa sababu gari linakwenda kasi na tairi lake ni pana, hivyo maji yanaweza kulinyanyua. Baiskeli haina kasi wala upana wa kuifikisha huko. Kwenye lami, hata iliyolowa, kinachoshika ni mpira unaogusana na barabara, na tairi laini lina mpira mwingi unaogusa kuliko lenye kashata. Tairi la kashata kwenye lami hunguruma, hukula nguvu na huisha haraka. Vinavyoteleza kwelikweli mvua inaponyesha ni vingine: mistari ya rangi barabarani, mifuniko ya chuma ya mashimo, tope jekundu linalomwagika kwenye lami kutoka barabara za mitaa, na oili inayopanda juu katika dakika za kwanza za mvua. Kashata zina kazi yake kwenye udongo na tope laini. Kwa anayepita lami kilomita nyingi na vumbi mita mia chache za mtaani kwake, tairi la wastani, lenye mchoro mdogo na upana wa inchi moja na nusu hadi mbili, linatosha.

Breki ndizo zinazostahili hofu ya mvua. Zile baiskeli za mizigo zenye ringi za chuma kilichopakwa kromu hushika vizuri zikiwa kavu, lakini ringi ikilowa umbali wa kusimama huongezeka maradufu au zaidi, na mwenye gunia la kilo 50 nyuma anapaswa kulijua hilo kabla ya kufika kwenye mteremko wa kuingia Jangwani. Ringi za aluminiamu ni afadhali, na breki za diski ni afadhali zaidi. Kwa aina zote mbili za ringi, gusa breki mapema na kwa wepesi ili mpira uondoe maji kwanza, kisha ndipo ukaze. Na ikiwa Bonde la Msimbazi limefurika na maji yamepita juu ya barabara, hakuna gia wala tairi litakalosaidia. Zunguka, au subiri.

Tukiwa kwenye breki, kuna wazazi wanaowafundisha watoto wasiguse kabisa breki ya mbele kwa kuwa "itakurusha". Unaposimama ghafla, uzito huhamia mbele, tairi la mbele hukandamizwa barabarani na la nyuma hubaki jepesi. Kwa hiyo breki ya nyuma peke yake huburuza tairi bila kukusimamisha, na sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele. Anayerushwa ni yule aliyeibana ghafla akiwa amenyoosha mikono vibaya na kukaa mbele. Shika zote mbili, ongeza nguvu ya mbele polepole, rudisha makalio nyuma. Jifunzie uwanjani, si kwenye Barabara ya Mandela.

Barabara hiyo ya Mandela, inayopitisha malori ya mizigo kutoka bandarini, ni mahali pazuri pa kueleza hatari ambayo waendesha baiskeli wengi hawaijui kwa sababu haionekani kuwa hatari. Lori limesimama kwenye foleni, upande wake wa kushoto kuna nafasi, na mwenye baiskeli anapenya taratibu hadi karibu na kichwa cha lori. Dereva ameketi juu, upande wa kulia, na eneo lote lililo chini ya dirisha lake la kushoto yeye halioni, hata kwenye vioo vyake. Lori likikata kona kushoto, tairi za nyuma za tela hazifuati njia ya kichwa, hupita ndani zaidi, pale pale ulipo. Kipimo cha kukumbuka ni uso wa dereva: kama huuoni kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Baki nyuma ya lori, hata kama kuna nafasi, hata kama umechelewa.

Kisha kuna imani hatari kuliko zote, ya kuendesha upande wa kulia ili "uyaone magari yanayokuja". Asili yake inaeleweka, kwani mtembea kwa miguu hufundishwa kutembea akiyakabili magari pasipo na njia ya waenda kwa miguu, na ni ushauri sahihi kwake, kwa kuwa anatembea polepole na anaweza kuruka pembeni kwa hatua moja. Baiskeli haiwezi. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi, na baiskeli inayokwenda 15. Mkielekea upande mmoja, gari linakukaribia kwa tofauti ya 35, na mkikabiliana linakukaribia kwa jumla ya 65. Dereva anayekuona umbali wa mita 50 ana sekunde tano za kuamua katika hali ya kwanza, na katika ya pili hata tatu hazitimii. Zaidi ya hapo, dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kuu kwa kukata kushoto hutazama kulia kwake, kwa sababu ndiko magari yanakotoka. Baiskeli inayomjia kutoka kushoto haimo kabisa katika anachokitafuta. Endesha kushoto, pamoja na magari.

Kushoto hakumaanishi kwenye ukingo kabisa. Pembeni mwa lami ndiko mchanga unakojikusanya, ndiko kulikomeguka, na ndiko daladala linakoingia bila taarifa na milango ya magari yaliyoegeshwa inakofunguka. Jipe kama mita moja kutoka ukingoni na ushike mstari ulionyooka. Mwendeshaji anayeingia na kutoka kati ya magari yaliyoegeshwa hupotea machoni pa madereva na kuibuka ghafla, ilhali aliyenyooka huonekana kutoka mbali. Kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mradi wa mwendokasi ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 ulijengewa pia njia za pembeni za watembeao na wapanda baiskeli, tumia njia hizo, japo utazikuta na pikipiki, meza za biashara na gari lililoegeshwa "dakika moja tu". Njia ya katikati ya mabasi si yako hata ikiwa tupu. Basi la mwendokasi ni refu na zito, na dereva wake hatarajii kukukuta humo.

Kuhusu taa, jiji letu liko karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na mwanga huisha upesi. Anayetoka kazini saa kumi na mbili bila taa atafika nyumbani gizani. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na ya nyuma ndiyo ya kwanza kununua. Kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa, haizuii ajali. Tafuta yenye alama ya kiwango cha EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani, na ya mtumba ikague ndani, kwa sababu povu lake hufanya kazi kwa kupondeka mara moja tu, na iliyokwisha kugongwa ni pambo.

Mwisho ni wale wanaotaka kutumia baiskeli hiyohiyo siku za mapumziko kwenye njia za vumbi, iwe ni mchanga wa Kigamboni au njia za Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Pugu Kazimzumbwi, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Pitia getini, ulipe kiingilio, mwambie mtu njia unayoifuata na saa ya kurudi, na usiende peke yako siku ya kwanza. Kwenye vumbi na kokoto, lile nililolisema kuhusu breki hugeuka kidogo: funga breki ukiwa bado umenyooka, kabla ya kona, na ndani ya kona uiachie ya mbele, kwa sababu tairi la mbele likiteleza hakuna la kuokoa. Kwenye mteremko weka pedali zote mbili usawa mmoja na unyanyuke kidogo kwenye siti ili magoti yapokee mishtuko. Wakati wa masika udongo wa Pugu hushikana na tairi na kuziba madigadi mpaka baiskeli isizunguke, kwa hiyo subiri siku kadhaa za jua.

Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi kidogo, usishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni mwake, weka gia nyepesi kabla ya kuuingia na uendelee kukanyaga bila kukata usukani kwa nguvu. Ukishatoka, kabla ya kuishika tena Barabara ya Nyerere, simama ujaze upepo upya kwa pampu yako, kwa sababu tairi lililolegea likigonga ukingo wa shimo la lami hubana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili kwa pamoja, na kijiraka kimoja hakitatosha.